Ujuzi wa Kuogelea: Upo

Dodoma, 11 Januari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na si kitandani kwa sababu ya miguu yako. Naandika kwa sababu simu ulishanikataza. Wewe husikii, na mimi nikipaza sauti wenzangu ofisini wanadhani nagombana na mtu.

Mpango wa kijiji umepita hatua ya kwanza. Ulikuwepo siku Najim, mwenzangu wa ofisini, alipokuja na karatasi zake kubwa, kwa hiyo unajua ilivyoanza: watu wataje tatizo, tuulize linatoka wapi, halafu tuligeuze liwe jambo la kufanya, lenye mtu wa kulifanya na siku ya kulimaliza. Najim alileta maandishi, mimi nikayapanga. Tatizo ni kwamba mwani wa Mlingotini unaoza kwa sababu maji ya ufukweni yamekuwa ya moto. Lengo nimeliandika hivi: "Ifikapo mwisho wa Juni, wanawake arobaini wawe wanalima mwani kwenye maji ya kina, kwa kamba zinazoelea."

Mkuu wangu wa kazi anasema katika malengo yote ya pwani, hili ndilo lililokaa sawa. Kamba na maboya vitanunuliwa. Mama nilipomwambia alipiga vigelegele, akasema kundi la kwanza atalisimamia yeye. Bibi, nilisikia raha. Amenisomesha kwa mwani, na mimi sasa namrudishia kitu.

Nisalimie wote.

Mimi mke mwenzako,
Adila


Mlingotini, 19 Januari 2025

Kwa mjukuu wangu Adila,

Marahaba. Miguu inauma lakini chooni inanifikisha, tunashukuru. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Shule sikuipata, herufi zangu ni hizi hizi za kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mistari ikipanda juu usinicheke, ifuate.

Sasa nasema bila kuzunguka. Lengo lako ni zuri na litamuua mama yako.

Wahida hajui kuogelea. Ashatu hajui. Mimi sijui. Katika wanawake wote wanaofunga mwani hapa simjui hata mmoja anayeweza kuelea akiachwa na mchanga. Wewe uliondoka mdogo ukapelekwa bweni Tanga, na kila ukija likizo unatukuta tumo baharini, basi ukadhani tunayajua maji. Tunayajua maji ya magoti. Yakifika kiunoni tunarudi. Ndiyo kazi yetu ilivyo, tunaingia maji yakitoka na tunatoka yakiingia.

Utauliza mbona mkutanoni hatukusema. Najim wako ni kijana wa adabu, na chakula anakula vizuri, sina ugomvi naye. Tumekaa, wanaume kwao na sisi kwetu. Akasimama katikati akasema, "Mama zangu, nani hapa hajui kuogelea? Anyooshe mkono." Mbele ya nani? Mbele ya mkwe wa Ashatu, aliyemuoa binti yake juzi tu, bado hata kula pamoja hawajaanza. Mbele ya maalim wa madrasa. Mbele ya mashemeji. Mwanamke asimame aeleze mwili wake ukilowa unafanya nini na haufanyi nini, na mkwewe ametega sikio? Ashatu akatazama kucha zake. Mimi nikajikohoza. Najim akafurahi, akaandika, akatusomea: "Ujuzi wa kuogelea: upo." Wanaume wakapiga makofi.

Mimi pia nilinyamaza. Nilidhani maji ya kina yatakuwa maneno, kama ile zahanati tuliyoipigia makofi mwaka juzi na mpaka leo haijajengwa.

Mama yako anajua haya yote na hatayasema. Lengo kaliandika mwanawe. Anatembea nalo mtaani kama amebeba sinia la posa. Kwa hiyo wewe fanya mnavyofanya huko ofisini, lakini usimpigie simu. Simu yake huwekwa sauti ya juu na nyumba yetu haikosi watu. Hili nimekupa kwenye karatasi, libaki kwenye karatasi.

Bibi yako,
Kibibi binti Pazi


Dodoma, 25 Januari 2025

Bibi,

Shikamoo. Usinikasirikie, nimempigia.

Niliuliza kwa mzaha: "Mama, Bibi anasema eti hujui kuogelea." Akacheka, na waliokuwa naye wakacheka. Akasema, "Mimi? Bahari iko mlangoni kwangu, nishindwe kwa nini?" Nikamsikia mama Ashatu kwa nyuma, "Mwambie sisi samaki." Kisha akaniuliza kama ninakula vizuri, tukaagana.

Sitaki kukukosea adabu. Lakini mambo yako na mama nayajua, nimekulia humo. Tangu baba afariki unataka mama akae nyumbani. Alipojiunga na kikundi cha mwani ulinuna. Mimi nilipopelekwa bweni ulinuna. Ndiyo maana najiuliza, Bibi: unachoogopa ni maji, au ni kubaki peke yako?

Mwani wa ufukweni haurudi. Joto la maji linapimwa kila mwezi na majibu ninayo mezani. Nikiliondoa lengo hili sina la kuweka mahali pake, na kamba zitakwenda kijiji kingine. Majaketi ya kuokolea yamo kwenye mpango, ila ni ya mwaka ujao. Kwa mwaka huu tumetegemea uzoefu wao.

Tafadhali mtie mama moyo.

Adila


Mlingotini, 2 Februari 2025

Adila,

Marahaba. Salamu haina kosa.

Mama yako amekuambia ana mafua. Hana mafua.

Ulipokata simu wakacheka kidogo. Wahida akanitazama. Maji makubwa ya bamvua yalipofika Salumu akaleta mashua yake kujaribu nanga za hizo kamba, na wa kwanza kupanda alikuwa yeye. Nilimwambia, "Wahida, kaa." Akaniambia, "Mama, umemwambia mwanangu mimi mwongo. Nikae vipi?" Akajifunga baibui kiunoni, akaenda.

Walipita fungu la mchanga, huko ambako chini hakuonekani. Akasimama afunge fundo, mashua ikalala upande, akaenda na kamba mkononi. Ashatu anasema hakupiga kelele. Alizama kama mtu anayeona haya kusumbua wenzake. Baibui likafunguka juu ya maji. Salumu akalikamata, likaja peke yake. Mara ya pili akakamata nywele.

Wamemlaza ufukweni wamemtapisha maji. Sasa ana homa na kifua kinapiga filimbi. Tabibu wa Bagamoyo amempa dawa na kusema tungoje. Mimi nangoja. Anapolala naweka kiganja puani kwake, akiamka nasema nilikuwa nafukuza nzi.

Ameniapisha nisikuandikie. Nimeapa, kisha nimekwenda jikoni nikachukua kalamu. Mungu ananijua.

Na swali lako nalijibu. Naogopa kubaki peke yangu, ndiyo. Mwanangu nilimzika. Huyu niliyebaki naye usiniitie mkwe, huyu ni mwanangu niliyempata kwa harusi. Nampigia kelele kwa sababu nampenda. Nisiowapenda siwapigii kelele, nawapa chai waende.

Ashatu na wenzake wanasema kamba zikija baada ya Idi watakwenda tu, maana wamekwisha kuandikwa.

Kibibi binti Pazi


Dodoma, 6 Februari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea stoo, nimesimama nyuma ya makabati. Nisamehe. Ulinipa neno la siri, mimi nikalitangaza nyumba nzima.

Nampigia mama kila jioni. Anasema, "Mafua yanapungua," na nasikia anavyoziba simu akikohoa. Nami najifanya nimeamini. Nikija atajua umevunja kiapo. Nisipokuja nashindwa kufanya kazi. Niambie nije au nisije.

Nimekwenda kwa mkuu wangu. Nimemwambia lengo la Mlingotini lina kosa. Akafungua muhtasari wa kijiji: ujuzi upo. Nikamwambia bibi yangu anasema haupo. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema lengo la kijiji halibadilishwi kwa neno la bibi wa mtu. Wanawake wenyewe waseme, waweke sahihi, kabla Februari haijaisha. Baada ya hapo mpango unafungwa na kamba zinasafirishwa.

Sitaki kulifuta. Ufukweni mwani umekufa, na bila mwani nako watakwenda wapi? Ninachotaka ni jambo la kutangulia, kwamba kabla ya kamba watu wafundishwe. Lakini nitawauliza vipi? Nikimrudisha Najim atauliza vilevile na watanyamaza vilevile. Bibi, nionyeshe pa kuulizia.

Adila


Mlingotini, 16 Februari 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. Kwanza mgonjwa. Homa imeshuka. Majuzi amekunywa uji na akautukana, akasema nimepika gundi. Nilifurahi mpaka nikajificha.

Usije. Ukija wewe ni mgeni wa ofisi, watakutandikia mkeka na kukuambia yanayopendeza.

Mwezi mtukufu unakaribia, kila nyumba inaharakisha harusi yake. Jana tulikuwa uani kwa Mosi tunachambua mchele na kumenya vitunguu vya pilau, wanawake watupu, mwanamume akitaka sufuria anabisha na kungoja. Ndipo pa kuulizia hapo. Nikasema, "Nani kati yenu anataka kufa?"

Ashatu akasema, "Bibi Kibibi, leo harusi."

"Na mazishi tutamenya vitunguu hivi hivi. Mimi kuogelea sijui, na uzee huu. Wewe unajua?"

Akamenya kitunguu chote ndipo akajibu. "Sijui."

"Samaki gani basi?"

"Samaki wa kukaanga."

Wakacheka, na kicheko hicho kikafungua milango. Mmoja akasema maji yakimfika tumboni anajifunga kwenye kigingi kwa kanga. Sophia akasema siku ile ya Wahida, yeye aliporudi nyumbani alimkumbatia mwanawe mchanga akalia, na mumewe akadhani wamegombana na majirani. Kila mtu akatoa lake.

Nikatoa karatasi. Nikawaambia Adila anataka sahihi zenu, aandike lengo upya. Mikono yote ikarudi kwenye vitunguu. Nikauliza kulikoni. Sophia akaninong'oneza, "Mama Adila mwenyewe hajasema. Tukisema sisi tutakuwa tunamharibia mtoto wake kazi, na yeye amekaa hapo."

Kweli, alikuwa amekaa hapo, amejifunika blanketi jua la saa nne. Wote wakamtazama. Akasema, "Mchele huu una mawe," akasimama, akaenda nyumbani.

Basi tumekwama kwake. Hataki kusema kwa sababu yako, na wao hawataki kusema kwa sababu yake. Mimi nimepiga kelele zangu zote zimeisha. Mwandikie wewe. Si simu. Mwandikie.

Kibibi binti Pazi


Dodoma, 19 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sijawahi kukuandikia barua, tumezoea simu, na kwenye simu sote wawili tunadanganyana vizuri.

Najua ulizama. Bibi ameniambia. Usimkasirikie kwa kiapo. Alikuwa anachagua kati ya dhambi na wewe, akakuchagua wewe.

Sikuulizi lolote, nakueleza tu. Nilipoandika "wanawake arobaini" sikumwona hata mmoja. Niliona hesabu imekaa vizuri, mkuu akasifu, nami nikakupigia kukutangazia. Kama Salumu angekosa zile nywele, lengo langu lingebaki pale pale kwenye karatasi, limesifiwa. Hilo nitaishi nalo vipi?

Mama, likirekebishwa mimi sipungui. Hapa ofisini tunarekebisha kila wiki, na mshahara wenyewe tunalipwa kwa hilo. Nimeliandika hivi, nawe utaona kama linafaa:

"Kabla ya kamba yoyote kufungwa kwenye maji ya kina, kila atakayekwenda awe amefundishwa na mwalimu mwanamke, mahali pasipo macho ya watu, na aweze kuelea na kurudi kwenye mashua mwenyewe. Asiyeweza hataenda. Atafanya kazi za nchi kavu, na fungu lake la mavuno halitapungua."

Mwalimu nimempata, bibi mmoja wa Unguja aitwaye Hafidha, mpiga mbizi. Majaketi nimeyaombea mwaka huu huu na nitayapigania. Lakini bila sahihi zenu mpango utafungwa ulivyo, na kamba zitakuja zilivyo.

Ukiona huwezi, basi. Ila usipande mashua ile, Mama. Nakuomba usipande.

Mwanao,
Adila


Mlingotini, 24 Februari 2025

Mwanangu Adila,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nyuma ya nyumba.

Sijui kuogelea. Sijawahi kujua. Nilipokuwa chini niliona kanzu ya baba yako ile ya Idi, sijui kwa nini, na nikawaza kwamba watakuambia nilikuwa najua ila ni ajali tu, na wewe utaamini, na wengine watatumwa tena. Hilo lilinitisha kuliko maji. Nikatoka salama na bado nikanyamaza. Naona haya.

Leo nimekwenda kwa Ashatu, nikamwambia, kisha kwa Sophia, kisha nyumba kwa nyumba. Sijawaita pamoja, kifua hakiniruhusu kusema mbele ya wengi. Sahihi zimo ndani ya bahasha. Wasioandika wameweka vidole. Mwenyekiti amegonga muhuri, aliuliza maswali mengi, Bibi yako akamjibu.

Nimempa Ramadhan wa basi la asubuhi akuletee mkononi. Nimemsisitizia, lakini unamjua Ramadhan anavyosahau vitu kwenye viti. Ikifika nijulishe upesi. Sitakula mpaka nisikie.

Mama yako,
Wahida


Dodoma, 26 Februari 2025

Mama, Bibi,

Shikamooni. Imefika. Ramadhan alipitiliza nayo hadi gereji, nikamfuata huko huko. Jioni hii nimeiweka mkononi mwa mkuu wangu, akasoma sahihi zote na vidole vyote, akaniuliza sahihi hii inayopanda juu ni ya nani. Nikamwambia ni ya bibi wa mtu.

Lengo limebadilishwa. Sasa kuleni.

Adila


Mlingotini, 29 Juni 2025

Kwa mjukuu wangu Adila,

Marahaba, na siku yako iwe njema, maana huku pamekucha na wasiwasi wake.

Kesho ndio mwisho wa Juni wako. Ulisema arobaini. Wamekwenda tisa. Mwandikie hivyo mkuu wako, asije akapiga makofi kabla ya wakati.

Hafidha ni mwanamke mgumu, nampenda. Amewafundisha kule ndani kwenye mkono wa bahari, alfajiri, wamevaa suruali na kanzu fupi za kubana, na sisi wazee tumekaa njiani na fimbo, mwanamume akitokea tunamuuliza anatafuta nini mpaka anasahau. Mimi nimeingia mara moja. Nilielea kama gogo, nikatoka, nikasema inanitosha. Ashatu ndiye aliyetushangaza, mnene vile, maji yanamchukua kama yanamdai. Sophia alichelewa lakini ameweza.

Mama yako hajaweza. Miezi yote hii. Anaingia, anafika kifuani, Hafidha anamshika mgongo, anamlaza vizuri. Akisikia maji masikioni mwili wote unakuwa ubao. Anatoka anatetemeka, anajifuta, kesho yake anarudi tena. Hafidha anasema wengine huchukua mwaka na wengine hawafiki, na hakuna la kumlaumu.

Asubuhi hii Salumu ameleta mashua. Wale tisa wamepanda na majaketi yao ya rangi ya chungwa, wanacheka kwa woga, wanashikana. Walipokwisha kukaa ikabaki nafasi moja. Salumu hana moyo wa kumkatalia mtu, akamtazama Wahida, akasema, "Mama Adila, na jaketi lipo." Nilikuwa nimefungua mdomo nipige kelele.

Wahida akamwambia, "Sijapita, Salumu. Nenda."

Kasema hivyo mbele ya wote. Mbele ya mkwe wa Ashatu, aliyekuwa anasukuma mashua na maji yamemfika mapajani.

Sasa tumekaa mchangani, yeye na mimi, tunafunga mbegu kwenye kamba za zamu ijayo. Mashua imepita fungu. Upepo ni mdogo lakini si kama hakuna. Kila wanapoinama anaacha fundo, wakiinuka anaendelea. Sasa hivi kaniona nashika kalamu, kaniuliza nakuandikia nini. Nikamwambia nakuandikia kwamba wamekwenda tisa.

Akasema, "Mwandikie na mimi bado sijaweza, ajue."

Basi ujue.

Kibibi binti Pazi